Burudani ya Aliyechoka: Kazi, Pumzi na Sanaa katika Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Methali hii hutajwa sana shuleni na katika hotuba za wakubwa, hasa pale kijana anapohitaji kukumbushwa kuwa heri kazi yoyote kuliko kukaa bure. Ukweli wake hauna shaka. Hata hivyo, methali hiyo haimsemei mtu ambaye tayari anafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, na ambaye huo mchezo, uwe mwema uwe mbaya, haupati kabisa. Makala haya yanamhusu mtu huyo.

Mtu huyo si mgeni kwa wasomaji wa jarida hili. Yeye ni mwanafunzi anayefanya kazi mchana na kuhudhuria mihadhara jioni. Ni mwalimu wa Kiswahili mwenye rundo la insha juu ya meza. Ni mhadhiri anayesimamia tasnifu nyingi kuliko anazoweza kuzisoma kwa makini. Wote watatu wanaipenda fasihi, na wote watatu wanakiri kwamba wamesahau ni lini mara ya mwisho walisoma riwaya ambayo haikuwa na mtihani mbele yake.

Makala haya yananuia kueleza uhusiano uliopo baina ya uchovu wa kazi kwa upande mmoja, na vitabu, muziki na filamu kwa upande wa pili. Watu wengi huuchukulia uhusiano huo kwa wepesi: kazi huchosha, sanaa hutuliza, basi. Hoja itakayojengwa hapa ni kwamba sanaa iliyo bora hufanya zaidi ya kumtuliza aliyechoka. Humrudishia pumzi ya kutosha ili aweze kuuliza uchovu wake umetoka wapi na unamnufaisha nani. Iwapo hoja hiyo ina mashiko, basi kumnyima mtu nafasi ya kusoma ni kumnyima jambo kubwa kuliko starehe.

Msamiati wa jasho

Yafaa kuanza na lugha yenyewe, kwani maneno ya Kiswahili yanayohusu kazi yana historia ndefu. Chukua neno kibarua. Umbo lake linaonyesha wazi kwamba ni barua ndogo, yaani kikaratasi. Mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi aliyoifanya, na baada ya muda jina la kikaratasi likawa jina la mtu. Leo tunasema fulani ni kibarua bila kukumbuka kwamba tumemwita kwa jina la hati yake ya malipo.

Neno kipande nalo lina kovu lake. Katika Kenya ya ukoloni, kipande kilikuwa cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kuwa nacho kila waendako, na mfumo huo ulishika kasi kuanzia mwaka wa 1920. Kiliandikwa alama za vidole vya mwenyewe, mwajiri wake na ujira wake. Wengi walikibeba katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Mtu asiyekuwa na kipande, au aliyeiacha kazi kabla mwajiri hajatia sahihi, alikuwa mhalifu mbele ya sheria. Kwa hivyo, kwa muda mrefu katika historia yetu, kuchoka na kuondoka lilikuwa kosa la jinai.

Aidha, kuna kuli, neno lililovuka Bahari ya Hindi kutoka lugha za Bara Hindi likatua katika bandari zetu. Kuna hamali, mpagazi na mchukuzi. Kuna shokoa, yaani kazi ya kushurutishwa isiyo na malipo. Na kuna neno la karibuni zaidi, jua kali, ambalo Wakenya walilitumia kwanza kwa mafundi wasiokuwa na paa juu ya vichwa vyao, kisha likawa jina la sekta nzima ya uchumi.

Sasa tazama maneno ya upande wa pili. Kitenzi pumzika kimezaliwa na pumzi. Kupumzika, kwa mantiki ya Kiswahili, si kulala wala kukosa la kufanya. Ni kuirudisha pumzi iliyokatika. Burudani nalo ni neno lenye asili ya Kiarabu, linalotokana na mzizi wenye maana ya ubaridi. Kuburudika ni kupoa, na kinywaji huburudisha kwa sababu hiyo hiyo. Hivyo basi, pale Mswahili anapoziita nyimbo na hadithi burudani, anakiri bila kutamka kwamba msikilizaji amekuja akiwa na joto mwilini. Ametoka juani. Burudani humkuta mtu akiwa na historia ya siku nzima ya kazi.

Mantiki hii ni muhimu. Inakataa fikra kwamba sanaa ni pambo la watu wasio na shughuli. Inaonyesha kwamba, kwa wenye lugha hii, sanaa na jasho vilikuwa majirani tangu zamani.

Vitabu: kuli na mkulima

Katika riwaya ya Kiswahili, kazi inayokata pumzi haikuchorwa kwa undani zaidi kuliko ilivyochorwa na Adam Shafi katika Kuli, iliyotoka mwaka wa 1979. Riwaya hiyo inamfuata Rashidi, kijana wa Unguja anayeingia katika kazi ya upakuzi wa shehena bandarini, kazi ile ile aliyoifanya baba yake. Msomaji huonyeshwa mzigo, jua, njaa na dharau. Huonyeshwa pia jinsi Rashidi anavyobadilika taratibu, hasa baada ya kukutana na Faraji, mwenzake anayemfunulia kwamba shida zao hazikuandikwa mbinguni. Riwaya inaelekea kwenye mgomo wa wafanyakazi wa mwaka wa 1948.

Mgomo huo ni tukio la kweli. Ulianza bandarini Unguja mwezi wa Agosti 1948 na kufikia mwezi wa Septemba ulikuwa umeenea mjini kote. Haukuwa peke yake. Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 walikuwa wameacha kazi mjini Mombasa, na katika vuguvugu hilo Chege Kibachia akajitokeza kuwa kiongozi wa chama chao. Mbali sana, magharibi mwa Afrika, wafanyakazi wa reli ya Dakar kwenda Niger waligoma kuanzia Oktoba 1947 hadi Machi 1948. Kisha, tarehe 10 Desemba 1948, miezi michache tu baada ya makuli wa Unguja kuweka chini mizigo yao, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, ambalo kifungu chake cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupumzika na ya kuwekewa mpaka wa saa za kazi. Haidaiwi hapa kwamba jambo moja lilizaa jingine. Linalodaiwa ni kwamba makuli hawakuhitaji kungoja azimio ili waijue haki hiyo. Miili yao ilikuwa imekwisha kuwaambia.

Cha kuzingatia kisanaa ni namna Adam Shafi anavyoutumia uchovu. Mwanzoni, uchovu wa Rashidi ni wake binafsi: mgongo wake, mabega yake, njaa ya nyumbani kwake. Kadiri riwaya inavyosonga, uchovu huo unageuka kuwa wa kundi zima. Badiliko hilo ndilo uti wa mgongo wa ploti. Mhusika akishajua kwamba hakuchoka peke yake, hawezi tena kuukubali uchovu kama hatima.

Kuna riwaya nyingine inayopaswa kusomwa sambamba na hiyo, ingawa mwelekeo wake ni tofauti kabisa. Nayo ni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka wa 1968, miaka 6 baada ya mwandishi kufariki. Utubora ana ajira ya mjini yenye kipato kizuri. Anaiacha kwa hiari yake ili awe mkulima. Wahakiki wengi wamemwona kama mhusika bapa, kielelezo cha maadili kinachotembea kwa miguu miwili. Huenda hawakukosea. Lakini yeyote aliyewahi kukaa ofisini jioni, taa zikizimwa moja moja, akijiuliza anabaki kwa ajili ya nani, atayaona maamuzi ya Utubora kwa jicho jingine. Utubora hakimbii kazi, kwa kuwa kilimo cha jembe ni kazi nzito kuliko kukaa kitini. Anachokikimbia ni kazi isiyomwachia nafasi ya kuwa mtu.

Maisha ya mwandishi mwenyewe yanalipa jambo hili uzito. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909, aliingia Idara ya Forodha mwaka wa 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika idara mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30. Kazi zake nyingi za fasihi alizitunga akiwa karani. Mtu anayezisoma tenzi zake, insha zake na riwaya zake leo, anasoma kazi za mtu aliyekuwa akirejea nyumbani kutoka ofisini kama wanavyorejea maelfu ya wasomaji wake. Si ajabu kwamba mtu huyo alimwumba Utubora, mwenye ujasiri wa kulikabidhi dawati.

Riwaya hizi mbili, zikiwekwa pamoja, zinampa msomaji majibu mawili kwa swali moja. Rashidi anabaki na kupigania masharti ya kazi. Utubora anaondoka na kutafuta kazi yenye maana. Hakuna jibu lililo sahihi kwa kila mtu. Si kila mtu ana shamba la kurudia, na si kila mtu ana wenzake wa kugoma nao. Lakini msomaji ambaye amekutana na wahusika wote wawili, walau anajua kwamba njia ni zaidi ya moja.

Muziki: ndani ya kazi na baada ya kazi

Muziki una uhusiano wa karibu zaidi na kazi kuliko kitabu, kwa sababu unaweza kuingia ndani ya kazi yenyewe. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anazijua hodiya, yaani nyimbo za kazi. Anajua kwamba wawe, au vave kama wanavyosema watu wa Lamu na visiwa vya jirani, ni nyimbo za wakulima, na kimai ni nyimbo za wanabaharia. Mara nyingi anazijua kwa sababu ziko katika orodha ya vipera na zinaweza kuulizwa katika mtihani. Ni nadra kuulizwa zilifanya kazi gani mwilini.

Wimbo wa kutwanga hupanga mchi. Wanawake wawili au watatu wanaotwanga katika kinu kimoja wanahitaji mapigo, la sivyo michi itagongana. Wimbo wa kuvuta jarife au kupandisha tanga huwaunganisha watu wengi wavute kwa wakati mmoja, kwa sababu nguvu iliyotawanyika haivuti kitu. Muhimu zaidi, wimbo ndio unaoamua kasi. Mwimbishaji akiona wenzake wamelegea, hupunguza mwendo. Akiona wamepata nguvu, huuharakisha. Kwa maneno mengine, katika kazi ya kuimbiwa, mwendo umo mikononi mwa wanaofanya kazi. Isitoshe, maneno ya nyimbo hizo yalitoa nafasi ya kumsema mkubwa, kumdokeza mume mvivu, na kulalamikia ujira, mambo ambayo yangesemwa kwa lugha ya kawaida yangeleta balaa.

Haifai, hata hivyo, kuzipamba nyimbo hizi kupita kiasi. Kutwanga ni kuchoka, kuwe na wimbo kusiwe na wimbo. Tena wengi walioimba wakitwanga walikuwa wanawake ambao siku yao ya kazi haikuisha jua lilipotua. Wimbo haukuondoa uzito wa mchi. Uliufanya uzito huo usibebwe kimya.

Siti binti Saad ni mfano wa mtu aliyetoka moja kwa moja kwenye jasho hilo akaingia kwenye taarab. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka wa 1880, katika jamaa ya watu wa hali ya chini walioguswa na utumwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akitembeza vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao, alivinadi kwa sauti iliyosikika kutoka mbali, na watu wakaijua sauti kabla hawajamwona mwenyewe. Baadaye alihamia mjini, akajifunza taarab, na mwaka wa 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Alifariki mwaka wa 1950. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Taarab ambayo awali ilistarehesha makasri ilipata, kupitia kwake, sauti iliyokomazwa na biashara ya kichwani na miguu peku.

Muziki wa dansi nao una somo lake. Mwaka wa 1964, chama cha wafanyakazi cha Tanganyika, NUTA, kilianzisha bendi iliyokuja kupendwa kote Afrika Mashariki, NUTA Jazz. Chama kilipobadilika, bendi ilibadilisha jina: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Jambo linalosahaulika ni kwamba wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mishahara. Burudani ya mfanyakazi iliandaliwa na chama chake mwenyewe, na mpiga gitaa alitambuliwa kuwa mfanyakazi kama mwashi na dereva. Hilo linatukumbusha kwamba usiku wa mapumziko wa mtu mmoja ni zamu ya kazi ya mtu mwingine. Anayecheza hadi majogoo ameburudika. Anayepiga tarumbeta hadi majogoo amechoka.

Filamu: mashine na mkokoteni

Filamu ni sanaa changa kuliko hizo mbili, lakini iliwahi mapema kuukabili uchovu wa kiwandani. Mwaka wa 1936, Charlie Chaplin alitoa Modern Times, inayomwonyesha mfanyakazi wa kiwanda ambaye kazi yake yote ni kukaza parafujo zinazopita mbele yake bila kukoma. Mwajiri anaongeza mwendo wa mashine. Mfanyakazi anaponyanyuka kwenda kupumua, mikono yake inaendelea kukaza parafujo zisizokuwapo. Anapojificha chooni avute sigara, sura ya mwajiri inatokea ukutani na kumwamuru arudi kazini. Linaletwa hata jaribio la mashine ya kumlisha mfanyakazi akiwa kazini, ili muda wa chakula cha mchana ufutwe. Hatimaye anarukwa na akili na kupelekwa hospitalini.

Watazamaji hucheka, na wanapaswa kucheka. Lakini filamu hiyo ilitolewa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na kicheko chake kina uchungu. Kinyume na wimbo wa kutwanga, ambapo mwendo umo mikononi mwa watendaji, hapa mwendo umo katika swichi iliyo mbali. Ndiyo maana hakuna mfanyakazi anayeimba kiwandani. Mashine imechukua mapigo. Jambo la kisanaa la kustaajabisha ni kwamba, katika filamu iliyotengenezwa wakati filamu nyingine zilikwisha kuanza kuzungumza, sauti za watu husikika zaidi kupitia vyombo: runinga ya mwajiri, santuri, redio. Mhusika mkuu mwenyewe hatoi sauti hadi karibu na mwisho, na anapoitoa, anaimba.

Barani Afrika, mwaka wa 1963, Ousmane Sembène wa Senegal alitengeneza Borom Sarret, filamu ya takriban dakika 20 kuhusu siku moja ya mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Abiria wengine hawamlipi. Mmoja anakwenda kuzika mtoto wake mchanga, lakini analangoni mwa makaburi anakataliwa kwa kuwa karatasi zake hazikukamilika, jambo ambalo mjukuu wa mbeba kipande hawezi kulitazama bila kutikiswa. Baadaye mwendeshaji anashawishiwa kuingia mtaa wa wakwasi ambako mikokoteni imepigwa marufuku, na askari anautwaa mkokoteni wake. Jioni anarudi nyumbani mikono mitupu. Mkewe anamwachia mtoto na kutoka, akisema kwamba usiku huo watakula.

Katikati ya filamu hiyo kuna tukio ambalo kila mpenzi wa fasihi simulizi anapaswa kulitafakari. Mwendeshaji anakutana na manju anayeimba sifa za mababu zake mashujaa. Maskini yule anafarijika, kifua kinamjaa, naye anatoa kipato chake chote cha asubuhi na kumpa manju. Sembène, msanii, anatuonyesha kwamba sanaa pia inaweza kumnyonya aliyechoka. Kuna burudani inayompoza mtu ili aone, na kuna burudani inayompoza ili asihisi anapoibiwa.

Sembène aliyajua aliyoyaonyesha. Alizaliwa mwaka wa 1923, akafanya kazi ya ukuli katika bandari ya Marseille nchini Ufaransa, na riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir ya mwaka wa 1956, inamhusu kuli mweusi. Riwaya yake ya mwaka wa 1960, Les Bouts de bois de Dieu, inasimulia ule mgomo wa reli ya Dakar uliotajwa hapo juu. Aligeukia filamu kwa sababu aliona kwamba wengi aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Kiswahili kilimpokea pia: hadithi yake ya hawala, aliyoifanya kuwa filamu ya Mandabi mwaka wa 1968, Amandina Lihamba aliitungia tamthilia ya Hawala ya Fedha. Ni vyema mwanafunzi anayesoma Kuli ajue kwamba Rashidi ana ndugu zake ng'ambo ya bara.

Uchovu wa leo na hatari ya mwongozo

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya bandari, reli na viwanda, na kwamba msomi wa leo anakaa kivulini. Takwimu hazikubaliani naye. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba katika mwaka wa 2016 vifo vipatavyo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo vilihusiana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeuingiza uchovu sugu wa kazini katika orodha yake ya kimataifa, likiueleza kuwa hali inayotokana na kazi, si ugonjwa wa mtu. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi, na kuhisi kwamba juhudi hazizai matunda. Neno la msingi ni kwamba inatokana na kazi. Ni hoja ile ile ya Faraji kwa Rashidi.

Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka akilipwa mshahara kamili. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinamhakikishia kila mtu haki katika mahusiano ya kazi. Lakini sheria huhesabu siku. Haihesabu ujumbe unaoingia katika rununu saa nne za usiku, wala insha zinazobebwa nyumbani katika kikapu.

Chukua mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo minne, kila mkondo una wanafunzi 50. Akiwapa wote insha moja, atarudishiwa insha 200. Akitumia dakika 6 kwa kila insha, muda ambao hautoshi kusoma na kuandika maoni yenye manufaa, atahitaji saa 20. Saa hizo hazimo katika ratiba. Atazitoa wapi? Atazitoa katika usingizi wake, katika familia yake, na katika usomaji wake mwenyewe.

Hapo ndipo lilipo tatizo kubwa la taaluma hii. Mwalimu aliyekatwa pumzi hana muda wa kuisoma upya riwaya teule. Anachukua mwongozo. Mwongozo una muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, maudhui na mbinu za lugha, vyote vikiwa vimepangwa tayari kwa mtihani. Anafundisha mwongozo. Mwanafunzi, ambaye naye ana masomo mengine chungu nzima, anaona kwamba riwaya yenyewe haihitajiki. Anahitimu akiwa na alama nzuri za fasihi bila kusoma kitabu kimoja hadi mwisho. Anaingia chuo kikuu, anasomea ualimu, na miaka minne baadaye anasimama mbele ya mikondo minne. Uchovu wa mwalimu umerithiwa.

Kuwalaumu waandishi wa miongozo ni kupiga kivuli. Miongozo ina soko kwa sababu muda hauna. Wala haitoshi kumwambia mwalimu ajitahidi zaidi, kwani kujitahidi zaidi ndiko kulikomfikisha hapo. Mwongozo ni mashine ya kulishia ya Chaplin: unampa mtu lishe bila kumpa muda wa kula.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba katika Kiswahili, kazi na burudani hazikuwahi kuwa maadui. Lugha yenyewe inazifunga pamoja kupitia pumzi na ubaridi. Riwaya zimeuchora uchovu kama jambo lenye chanzo na lenye wanaonufaika nalo. Nyimbo zimewapa wafanyakazi mamlaka ya mwendo. Filamu zimetuonyesha kinachotokea mamlaka hayo yanapochukuliwa, na zimetutahadharisha kwamba si kila burudani ni rafiki wa aliyechoka.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo ni la vitendo. Madai ya madarasa yenye idadi ya wastani, ya walimu wa kutosha na ya saa za usahihishaji kutambuliwa katika ratiba si madai ya kiutumishi pekee. Ni madai ya kifasihi, kwa kuwa yanahusu iwapo vitabu vitasomwa. Vyama vya Kiswahili vinaweza kuyabeba hivyo, kwa sauti moja, kama wavutao jarife. Navyo vinaweza, bila kungoja, kuanza na jambo dogo lisilogharimu fedha: kutenga saa moja kwa wiki ambapo sura moja ya riwaya inasomwa kwa sauti na wanachama kwa zamu, pasipo maswali, pasipo alama na pasipo mwongozo.

Saa hiyo itaonekana kwa wengi kuwa muda uliopotezwa. Aliyeketi ndani yake atajua kwamba kuna kitu kimerudi. Huenda akaifunga riwaya na kwenda moja kwa moja kwenye rundo lake la insha, kwani rundo halitakuwa limepungua. Lakini atalishika akiwa na pumzi, na mwenye pumzi ndiye anayeweza kuuliza rundo hilo lilifikaje kuwa refu kiasi hicho.